Mbwa wa kwenye kalenda

Dada aliichukua simu, akaitazama ile picha, akaikuza kwa vidole viwili, akairudisha ilivyokuwa, kisha akauliza: "Mbwa wa nani huyu?"

Nilidhani ananitania. Masizi mwenyewe alikuwa amejinyoosha miguuni pake.

"Si Masizi huyo!"

"Mh. Amependeza kweli. Lakini mbona kama simjui?"

Akanirudishia simu, akaendelea na shughuli zake. Kwake yaliishia hapo.

Kwangu hayakuishia. Ile ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kumpiga yule mbwa. Macho makali, manyoya meusi yanang'aa, nyuma pametulia, kichwa kimeinuliwa, masikio yote mawili wima, kama mbwa wa kwenye kalenda. Kila niliyemwonyesha aliisifu. Na mtu anayemlisha Masizi kila siku hakumtambua.

Swali lile lilinisumbua kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nimejifunza kupiga picha nzuri ya mbwa. Kama nimejifunza kumpiga picha mbwa huyu, hapo ndipo nilipoanza kuwa na shaka.

## Kamera haijui kwamba ni mweusi

Mwenye mbwa wa kahawia anaweza kuiruka sehemu hii. Sisi wenye mbwa weusi tuna kesi yetu na kamera.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kinachofanya ni kudhania kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vinatoa kijivu cha kati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Mbwa mweusi akijaza fremu, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na Masizi anatoka na rangi ya majivu. Baka lake jeupe la kifuani ndilo linaloumia zaidi: linageuka doa tupu lisilo na unywele hata mmoja. Mweke sasa mbele ya ukuta mweupe au anga, mambo yanageuka. Kamera inahangaika na weupe wa nyuma, inapunguza mwanga, na kinachobaki ni kivuli chenye ulimi.

Mmarekani William Wegman alijipatia jina tangu miaka ya 1970 kwa picha za mbwa wake aliyeitwa Man Ray, mbwa wa aina ya Weimaraner. Weimaraner ni wa kijivu mwili mzima. Kipaji chake simwonei wivu, kila mtu na riziki yake. Ila kwa ile rangi ya mbwa, namwonea.

Dawa ni ndogo. Kwenye simu nyingi unagusa uso wa mbwa kwenye kioo, inatokea alama ya jua, unaiburuta chini hadi weusi urudi kuwa weusi na nywele za lile baka zianze kuonekana. Ukiendelea kukandamiza kidole kwa sekunde kadhaa, simu nyingi hufunga kipimo hicho, kisibadilike kila mbwa anapogeuza shingo. Kwenye kamera kuna kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Masizi akijaza fremu mimi huanzia kutoa moja, halafu nasogea juu au chini kulingana na ninachokiona.

Inahitaji moyo kidogo. Mbwa haonekani vizuri, na wewe unapunguza mwanga. Akili yote inakuambia uongeze.

Hata hivyo, kupunguza peke yake kunakupa mbwa mweusi asiye na umbo. Manyoya meusi huonyesha umbo kwa mng'ao, na mng'ao unategemea mwanga unatoka upande gani na una ukali kiasi gani. Jua kali la utosini linamkata vipande viwili: mgongo unametameta, uso unazama. Mawingu ni rafiki. Rafiki zaidi ni kivuli kilichopakana na uwazi, kwa mfano hatua moja ndani ya mlango uliofunguliwa, mbwa akiwa ametazama nje. Hapo mwanga unamjia laini, kutoka upande mmoja, na unaanza kuona mambo ambayo jua lilikuwa linayaficha: shavu linapokutana na shingo, vinyweleo vya kahawia vilivyojichanganya chini ya sikio, unyevu wa pua.

## Nukta moja

Macho ya Masizi ni ya kahawia iliyokolea, karibu meusi, ndani ya uso mweusi. Pasipo nukta ya mwanga kwenye mboni, hana macho.

Nukta hiyo ni mlango wenyewe, au dirisha, au anga, inavyoakisiwa kwenye jicho. Kuza picha iliyopigwa karibu na mlango na utauona: kipande cheupe chenye pembe nne, na chini yake kichwa cha aliyeshika simu. Nikisimama katikati ya mlango naiziba mwenyewe. Nikisogea nusu hatua pembeni, inarudi. Nikimwinamia kutoka juu, kope na nyusi zinaifunika. Kwa hiyo unashuka. Unapiga magoti, unalala kifudifudi ikibidi, hadi lenzi ifike usawa wa macho yake.

Elliott Erwitt, aliyefariki mwaka 2023, ana picha maarufu ya New York ya mwaka 1974: upande mmoja mbwa mdogo aliyevishwa kofia, kando yake miguu ya mwanamke aliyevaa buti, na pembeni miguu miwili mirefu ambayo ukiichunguza ni ya mbwa mkubwa. Kamera iko chini kabisa, kwa yule mdogo. Ingepigwa na mtu aliyesimama wima, ingekuwa picha ya kofia.

Flashi niliizima mapema. Nyuma ya retina ya mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, ndio unaomsaidia kuona gizani. Flashi ya simu imekaa pua na mdomo na lenzi, kwa hiyo mwanga unaingia jichoni na kurudi moja kwa moja kwenye picha. Mbwa wako mpole anatoka na macho ya kijani yanayowaka.

## Rudi nyuma

Hili ni fupi. Lenzi kuu ya simu ni pana, na ukimkaribia mbwa nayo anakuwa pua. Sababu ni hesabu tu. Pua ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye lenzi na macho sentimita 30, pua itachorwa mara moja na nusu zaidi ya inavyostahili ukilinganisha na macho. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu, na tofauti inashuka hadi karibu asilimia 7. Rudi, halafu uvute picha mara mbili kwa lenzi ya pili kama simu yako inayo.

Wenye kamera wana balaa lao. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), kwenye kamera yenye sensa, kile kipande kinachonasa mwanga, kubwa kama fremu ya filamu ya milimita 35, ukiwa mita moja kutoka kwa mbwa, inakupa ukali wa karibu sentimita 4 tu, kutoka mbele kwenda nyuma. Uso wa mbwa mwenye mdomo mrefu ni zaidi ya hapo. Utapata macho bila pua, au pua bila macho. Kwa f/5.6 unakaribia sentimita 13, na uso unarudi. Na kama ni lazima uchague, chagua jicho lililo karibu nawe.

## Sikio la kushoto

Basi ile picha aliyoikataa dada ilikuwa na yote hayo. Mwanga wa mlangoni, nukta machoni, usawa wa macho, umbali mzuri, weusi mweusi. Niliipitia mara nyingi nikitafuta kasoro ya kiufundi na sikuiona.

Jioni moja nilikuwa nafuta picha kuachia nafasi kwenye simu. Simu ilikuwa imepiga mfululizo, picha nyingi kwa sekunde, na nyingi zake zilikuwa takataka: mkia, ulimi, mbwa ameshapotea. Katikati ya takataka hizo nikaikuta moja iliyopigwa muda mfupi baada ya ile nzuri. Masizi ameshachoka na mimi. Kichwa kimelegea upande, mdomo umefunguka kidogo, na ncha ya sikio la kushoto imekunjika kuelekea mbele.

Nikacheka peke yangu. Huyo ndiye Masizi.

Sikio lake la kushoto hukunjika nchani. Limekuwa hivyo tangu mdogo. Akilala limekunjika, akila limekunjika, akikungoja mlangoni limekunjika. Ni watu wa nyumbani tu wanaolijua, na hata sisi hatujawahi kulizungumzia. Tumelizoea hadi hatulioni. Husimama wima kwa sababu moja tu: akisikia kitu asichokielewa.

Na kwenye ile picha nzuri, nilikuwa nimebinya kidude cha mpira kinacholia.

Yaani uso uliosifiwa na kila mtu ni uso ambao Masizi huuvaa kwa sekunde mbili, akishangaa kelele. Mgeni anauona na kusema mbwa mwerevu huyu, ametulia, anajiamini. Dada aliona mbwa asiyemjua.

## Sauti na kioo

Ushauri wa kutumia sauti utaupata kila mahali, na sisemi ni mbaya. Unafanya kazi. Mbwa husikia sauti za juu sana, hadi karibu hezi 45,000, wakati binadamu hukomea karibu 20,000, kwa hiyo huna haja ya kupiga mayowe. Mlio mdogo wa ulimi unatosha. Na tumia kwa uchoyo. Mara ya kwanza masikio yanasimama na kichwa kinainama upande kwa namna inayowayeyusha watu. Baada ya mara chache anajua ni wewe na visa vyako, anatazama kwingine.

Lakini sasa nilianza kuzichunguza picha zangu za zamani kwa jicho lingine, na sikupenda nilichokiona. Katika nyingi, Masizi anajilamba pua. Katika nyingine anapiga miayo, au amegeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana kwenye kona. Turid Rugaas wa Norwei, mkufunzi wa mbwa, ameeleza kwa kirefu ishara za namna hii: mbwa anajilamba, anapiga miayo, anageuza uso, akijaribu kutuliza hali inayomkera. Si kila mwayo ni malalamiko, mbwa naye husinzia. Ila mwayo unaotokea kila simu inapoinuliwa una maana yake.

Jiweke mahali pake. Kwa adabu za mbwa, kukodolewa macho bila kupepesa ni uchokozi. Halafu mtu wako anakuja na duara jeusi la kioo, analileta karibu na uso wako, na uso wake mwenyewe umepotea nyuma yake.

Mwaka 2015 watafiti wa Japani, Miho Nagasawa na wenzake, walichapisha kwenye jarida la Science kwamba mbwa na mtu wake wakitazamana kwa muda, oksitosini, homoni inayohusishwa na upendo, huongezeka kwa wote wawili. Kwa hiyo mbwa hana tatizo na macho ya mtu wake. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nayaficha.

Siku hizi simu naishikilia kifuani, au kando ya shavu, na kumtazama kwa macho yangu. Fremu inapinda mara nyingi na nalazimika kuinyoosha baadaye. Nalipa bei hiyo bila kinyongo, kwa sababu kujilamba pua kumepungua.

## Je, akitazama pembeni?

Hapa nilikwama, na sina uhakika kama nimekwamuka.

Picha ya sura, kwa tulivyozoea, ni mtu ametazama kamera. Masizi akiwa yeye mwenyewe hatazami kamera. Anatazama mlango, kinachotembea barabarani, mkono wangu wenye kipande cha nyama. Nikingoja sura yake halisi naipata akiwa ametazama kwingine, na sehemu yangu inayopenda kusifiwa inalalamika kwamba hiyo ni picha ya kuvizia tu.

Nimefikia kuamini kwamba mtazamo wa kwenye lenzi si sharti. Macho kuonekana ni sharti. Mbwa anayetazama pembeni kuelekea kwenye mwanga ana ile nukta machoni, na unaona alichokitazama kwa namna masikio yalivyokaa. Anayetazama pembeni kuelekea gizani amekupa kisogo chenye pua. Kwa hiyo kuchagua mahali ni nusu ya kazi: napaweka mwanga upande ambao najua atautazama hata hivyo, yaani mlangoni, kisha nakaa.

Mtu akiniuliza kama basi mbinu zote zile ni za bure, nitasema zimekuwa na kazi zaidi ya mwanzo. Sura ya kawaida haikungoji urekebishe vipimo. Nikikaa naye, kila kitu kimeshapangwa: kipimo kimefungwa, sauti ya simu imezimwa, na kwenye kamera mwendo wa shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga, hauko chini ya 1/250 ya sekunde, maana hata mbwa aliyekaa huzungusha kichwa haraka. Kisha naacha kumuita jina.

Mwanzoni anajua kuna jambo. Anakaa kwa adabu, anangoja nyama. Baadaye anachoka, analaza kidevu kwenye miguu ya mbele. Na hapo, akiwa chini, ananiinulia macho bila kuinua kichwa, unyusi mmoja juu, kisha mwingine, akipima kama kuna cha kungojea. Mwaka 2019 Juliane Kaminski na wenzake walionyesha kwamba mbwa wana msuli wa kuinua unyusi kwa upande wa ndani ambao kwa mbwamwitu ni nyuzi chache tu zisizokua hivyo. Nimeupiga picha msuli huo mara nyingi kuliko kitu kingine chochote cha Masizi. Na sikio limekunjika.

## Kuhariri

Tongo za machoni mfute kwa kitambaa kabla ya kupiga, itakuokolea muda. Kamba ya shingoni ukitaka kuifuta kwenye picha, ifute, sioni dhambi.

Ninachokikwepa ni kuvuta vivuli juu ili "aonekane". Unarudi kulekule kwenye rangi ya majivu, safari hii na chenga juu yake. Ile modi ya simu ya kufifisha nyuma naitumia kwa shingo upande pia: programu inakisia mbwa anaishia wapi, na inakisia vibaya kwenye masharubu na kwenye vinyweleo vya masikio. Ilishawahi kumkata Masizi ncha ya sikio la kushoto, safi kabisa, kana kwamba halikuwahi kuwepo. Afadhali nyuma pabaki na ndoo inayoonekana. Au niiondoe ndoo kwa mkono, maana mikono ninayo.

Kuchagua ndiko kugumu. Mimi bado huvutiwa na picha zenye masikio wima. Kwa hiyo nachagua chache, nawaonyesha wanaoishi naye, na nanyamaza. Dada hasemi mengi. Akisema "huyu hapa," naiweka.

## Anayekimbia

Nilichokianza sasa ni Masizi akinijia mbio, na hadi leo nina mkusanyiko mzuri wa nyasi zenye ukali wa hali ya juu.

Hesabu zake hazina huruma. Mbwa anayekimbia kilomita 30 kwa saa anapita zaidi ya mita 8 kwa sekunde, hivyo kwa 1/250 ya sekunde anakuwa amesogea zaidi ya sentimita 3. Kwa 1/1000 anasogea chini ya sentimita moja, na hapo ndipo pa kuanzia, na mwanga uwe mwingi. Ugumu mwingine ni kwamba anakuja moja kwa moja: umbali unabadilika kila wakati, na kamera inayolenga mara moja na kutulia inabaki imelenga alipokuwa. Lazima iwekwe kwenye hali ya kulenga mfululizo, na hata hivyo yangu hupenda kushika kifua chenye lile baka jeupe badala ya macho.

Aliyenitangulia kwenye kazi hii ameniambia niache kwanza ya kunijia. Nimpige akikatiza mbele yangu, kushoto kwenda kulia, umbali usiobadilika sana, huku nikiizungusha kamera pamoja naye na kuendelea kuizungusha hata baada ya kubonyeza. Kesho dada amekubali kusimama ule upande wa pili na kumuita.